Pumzi Imerudi, Kazi Bado

Mzee akiletwa usiku na maji mapafuni kwa sababu moyo umezidiwa, kila aliyeko chumba cha dharura anajua la kufanya. Anakalishwa wima, miguu ikining'inia. Kiwango cha oksijeni kikiwa chini ya asilimia 90 anavalishwa barakoa ya oksijeni. Anatafutiwa mshipa, anachomwa sindano ya furosemaidi, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, na presha ikiwa juu anapewa dawa ya kutanua mishipa. Baada ya saa moja au mbili mkojo unatoka, jasho linakauka, na mtu aliyekuwa hawezi kumaliza sentensi anauliza mjukuu wake yuko wapi. Ndugu wanapiga simu nyumbani kusema ameshapata nafuu. Kuanzia hapo uangalizi wetu hulegea, na ndipo hasa ulipotakiwa kukaza. Hatima ya mzee huyu itaamuliwa na siku saba nane zinazofuata wodini na majuma machache ya kwanza nyumbani, na kazi ya siku hizo ni ya mizani, miguu na kadi ya kliniki kuliko ya mashine.

Wafaransa wamelipima jambo hili. Utafiti wa ELISABETH, uliochapishwa mwaka 2020, ulifanyika katika vitengo 15 vya dharura na kuhusisha wagonjwa 503 wenye umri wa miaka 75 na zaidi. Nusu yao walikuwa na miaka 87 au kuizidi. Kundi moja lilipewa tiba nzito tangu mwanzo: dawa za kundi la nitreti kwa wingi kwenye mshipa, pamoja na kutafuta na kutibu mara moja kilichomwangusha mgonjwa, iwe ni maambukizi, mapigo yasiyo na mpangilio au mshtuko wa moyo. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida. Zilipohesabiwa siku ambazo wagonjwa waliishi nje ya hospitali katika siku 30 za kwanza, makundi yote mawili yalikuwa na siku 19. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa GALACTIC ulioongozwa kutoka Basel, Uswisi, ulikuwa umechukua wagonjwa 788 na kujaribu kuitanua mishipa yao mapema na kwa nguvu. Idadi ya waliokufa au kurudishwa hospitali kwa siku 180 haikubadilika.

Asije mtu akadhani saa ya kwanza haina thamani. Anayezama kwenye maji yake mwenyewe asipookolewa atakufa, na tiba ya msingi inamwokoa. Tafiti hizi zinatuambia kwamba ukishafanya ya msingi, kuongeza nguvu katika saa hizo hakumpeleki mzee mbali zaidi. Kinachomrudisha hospitali, au kumpeleka kaburini kabla ya miezi sita, kiko kwingine.

Kabla sijafika huko, niseme jambo kuhusu wagonjwa wetu. Utafiti mkubwa wa Afrika kuhusu moyo kushindwa ghafla, THESUS-HF wa mwaka 2012, ulikusanya wagonjwa 1,006 kutoka nchi tisa, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Wale wa Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, waliochunguzwa na kuandikwa mwaka 2014 walikuwa na wastani wa miaka 55. Ulaya na Marekani wastani huo hupita miaka 70. Kwa hiyo madaktari wa ukanda huu tumejifunza ugonjwa huu kwa vijana na watu wa makamo: mama aliyejifungua juzi moyo ukatanuka, kijana ambaye milango ya moyo wake imeharibiwa na homa ya baridi yabisi, mwanamume wa miaka 45 ambaye presha yake haijawahi kutibiwa. Hawa bado tunao wengi. Lakini watu wanaishi miaka mingi zaidi kuliko zamani, na mzee wa miaka 80 mwenye moyo uliozidiwa si mgeni tena katika hospitali ya wilaya. Anakuja na mambo yake. Moyo wake mara nyingi unasukuma damu vizuri tu, ila umekuwa mgumu baada ya miaka ya presha na sukari, hivyo haulegei kupokea damu inayorudi. Figo zimechoka. Damu ni pungufu. Magoti yanauma, macho yana mtoto wa jicho, na mkoba wa dawa una vidonge vya maduka matatu tofauti.

Tena hasemi "pumzi inanibana". Alishaacha kutembea mwendo wa kumfanya apumue kwa shida, kwa hiyo kubanwa hakujui. Anasema amechoka. Chakula hakimpiti, tumbo limejaa. Usiku analala kwenye kiti, na watoto wanadhani ni mazoea ya uzee. Akikohoa alfajiri anaambiwa ni pumu, wiki inayofuata nimonia. Mwenye sukari anaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu yoyote ya kifua, ndiyo maana kila mzee aliyeishiwa nguvu ghafla anastahili kipimo cha umeme wa moyo hata kama hajashika kifua.

Halafu kuna dripu. Hapa nataka nisikike vizuri, maana jambo hili limenikera kwa miaka. Mzee akikosa nguvu, familia inampeleka kituo cha karibu "akatundikiwe dripu arudishe nguvu", na mara nyingi anatundikiwa. Dripu ya kawaida ya maji ya chumvi ina gramu tisa za chumvi katika kila lita. Chupa ya nusu lita ina gramu nne na nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku nzima. Chupa moja, kwa dakika arobaini, inamwingizia mzee karibu chumvi yake yote ya siku pamoja na maji ya kuishikilia, moja kwa moja kwenye mishipa, bila kiu wala tumbo kupata nafasi ya kukataa. Moyo mgumu hauwezi kuupokea mzigo huo. Anayeingia hospitali saa nane usiku akitoa povu mdomoni, mara nyingi ukiuliza kwa utulivu utaambiwa mchana alitundikiwa chupa mbili.

Ndugu yake dripu ni dawa ya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa, na mzee mwenye magoti mabovu anazimeza kama sehemu ya chakula cha asubuhi. Dawa hizi huzuia figo kutoa chumvi na maji, hupandisha presha, na hudhoofisha kazi ya vidonge vya mkojo. Unaweza kumtoa mzee maji yote wodini, ukampangia dawa bora kabisa za moyo, na kiboksi kimoja cha diklofenaki kikamrudisha kwako kabla mwezi haujaisha. Ndiyo maana swali la "nini kimemwangusha safari hii?" halijakamilika mpaka mkoba wa dawa umwagwe mezani, kila kidonge kitajwe, na mwenye magoti apewe njia nyingine ya kutuliza maumivu. Parasetamoli, kukanda, fimbo ya kutembelea. Ukimnyima diklofenaki bila kumpa mbadala, ataifuata mwenyewe.

Sasa turudi wodini. Siku ya pili asubuhi, kwenye raundi, mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Umeamkaje? Pumzi?"

"Nashukuru Mungu, si kama juzi."

"Mkojo unatoka?"

"Unatoka, ila choo kiko mbali, baba. Usiku nilijibana."

Daktari anaandika kwenye faili: anaendelea vizuri, endelea na furosemaidi miligramu 40 asubuhi na jioni. Kisha kitanda kinachofuata. Hakuna aliyempima uzito. Mizani ya watu wazima iko kliniki ya wajawazito, upande wa pili wa uwanja, na muuguzi mmoja mwenye wagonjwa thelathini hawezi kuwasindikiza.

Uzito ndio kipimo cha ugonjwa huu. Mabadiliko ya kilo moja kutoka jana hadi leo si nyama, ni lita moja ya maji. Mtu anaweza kubeba lita kadhaa za ziada kabla miguu haijaonekana kuvimba, na anaweza kujisikia vizuri ilhali nyingi kati ya hizo bado zimo mwilini, kwa sababu mapafu hukauka mapema kuliko sehemu nyingine. Bibi huyu amepata pumzi baada ya kutoa lita mbili. Kama alikuwa na saba, tano zimebaki. Akiruhusiwa kesho, amebakiza hatua chache tu kurudi alikotoka.

Mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya ya Magonjwa ya Moyo wa mwaka 2021 uko wazi kuhusu namna ya kuyatoa, na hauhitaji kifaa kigeni. Ambaye hajawahi kutumia vidonge vya mkojo anaanza na sindano ya miligramu 20 hadi 40. Aliyekuwa anavitumia anapewa kwenye mshipa kiasi sawa na alichokuwa akimeza kwa siku, au mara mbili yake. Kisha unapima. Kama katika saa sita za kwanza mkojo hauzidi mililita 100 hadi 150 kwa saa, dozi inaongezwa maradufu, si kesho bali siku hiyohiyo. Tofauti kati ya mwongozo huu na desturi ya wodi nyingi iko kwenye hatua ya kupima. Sisi huandika dozi siku ya kwanza, ikajirudia yenyewe hadi siku ya kuruhusiwa, kama jina la mgonjwa juu ya faili.

Kinachotuzuia kuongeza ni hofu ya figo. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ikipanda kidogo, dawa ya mkojo inasimamishwa, na wakati mwingine, Mungu anisamehe kwa kulitaja, mgonjwa anarudishiwa maji. Lakini figo inayobanwa na damu iliyojaa kwenye mishipa inateseka pia kwa kujaa huko. Kupanda kidogo kwa kreatinini wakati maji yanatoka na mgonjwa anapata nafuu si dalili ya kukimbia. Utafiti wa DOSE wa mwaka 2011 uliwapa baadhi ya wagonjwa 308 dozi mara mbili na nusu ya ile ya nyumbani. Kreatinini iliwapanda wengi zaidi katika siku za mwanzo, na baada ya siku 60 tofauti hiyo haikuwepo tena. Potasiamu ndiyo ya kuogopa kweli, maana inaposhuka mapigo ya moyo huvurugika, kwa hiyo ipimwe kila inapowezekana.

Upande wa pili upo pia, na kwa wazee ni hatari kuliko kwa vijana. Aliyekaushwa kupita kiasi anapata kizunguzungu akisimama, anaanguka njiani kwenda chooni, na nyonga iliyovunjika itamuua haraka kuliko moyo. Kwa hiyo presha ya mzee ipimwe akiwa amelala na ipimwe tena akiwa amesimama, kila siku. Na uvimbe utafutwe ulipo. Aliyelala kitandani juma zima huonekana miguu imenywea, kumbe maji yamehamia mgongoni na makalioni. Mgeuze, bonyeza juu ya mfupa wa kiuno, ndipo utajua kama kweli amekauka.

Kuhusu choo kilicho mbali. Jibu la wodi huwa ni mpira wa mkojo, na ninaelewa kwa nini: unarahisisha kupima na unampunguzia muuguzi kazi. Kwa mgonjwa mahututi, siku ya kwanza, nakubaliana nao. Lakini mpira huo ukikaa siku tano unaleta maambukizi, unamchanganya akili, na unamfunga kitandani. Mzee ana kanula mkononi, mpira wa oksijeni puani na mpira wa mkojo katikati ya mapaja. Hata angetaka kusimama, asimame vipi? Fundi seremala wa hospitali anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, ndoo yenye alama za ujazo ikae chini yake, pazia livutwe. Bibi anakojoa kwa heshima yake karibu na kitanda, mkojo unapimwa, na kila safari ya kiti ni mazoezi ya miguu.

Miguu ndiyo hasa ninayotaka kuitetea. Tunamwona mgonjwa wa moyo tunamwambia apumzike, na ndugu wanalipokea neno hilo kwa mapenzi yote: wanamlisha, wanamwogesha, wanamgeuza. Kwa kijana siku kumi za kulala ni likizo. Kwa mtu wa miaka 80 ni nyama za mapaja zinazoyeyuka na huenda zisirudi. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa wa miaka 70 na zaidi waliolazwa kwa maradhi mbalimbali, ukakuta takriban theluthi moja waliruhusiwa wakiwa wameshindwa angalau jambo moja walilokuwa wakijifanyia kabla ya kuugua: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kula. Ugonjwa walitibiwa, uhuru wao wakauacha wodini.

Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa REHAB-HF, nao ulihusu hasa wagonjwa tunaowazungumzia hapa: watu 349 wa miaka 60 na kuendelea, wastani karibu 73, waliolazwa kwa moyo kuzidiwa, na karibu wote walikuwa dhaifu au ukingoni mwa udhaifu. Nusu walianza mazoezi wakiwa bado hospitalini, yakaendelea wiki 12 baada ya kutoka. Hayakuwa ya kukimbia. Ni kusimama bila kuyumba, kuinuka kwenye kiti, kutembea, kuongeza nguvu kidogo kidogo kufuatana na uwezo wa kila mmoja. Baada ya miezi mitatu walipata alama 8.3 katika kipimo cha utembeaji chenye alama 12, wenzao waliohudumiwa kwa kawaida wakapata 6.9. Kurudishwa hospitali hakukupungua kwa kiasi cha kujivunia, na wapo wenzangu wanaoutumia ukweli huo kuupuuza utafiti mzima. Sikubaliani nao hata kidogo. Muulize mzee yeyote anachokiogopa zaidi, kulazwa tena au kupelekwa chooni na mkwewe.

Wataalamu wa mazoezi ya viungo ni wachache, na hospitali nyingi za wilaya hazina hata mmoja. Ndugu wapo. Mtoto au mjukuu akifundishwa robo saa tu anaweza kumsimamisha mzee na kumketisha mara tano kabla ya kila mlo, kumtembeza hadi dirishani na kurudi, na kumweka kwenye kiti wakati wa kula badala ya kumlisha amelala. Shida ni geti. Hospitali nyingi humruhusu ndugu alfajiri, mchana na jioni, kwa muda mfupi, kisha mlinzi anawatoa wote. Utaratibu huu una sababu zake. Wodi imejaa, maambukizi yapo, na wizi upo. Ila kwa mzee unavunja kitu. Usiku wa pili anaamka hajui yuko wapi, miwani iko kwenye mfuko uliorudishwa nyumbani, anamwita mke aliyefariki miaka sita iliyopita, anang'oa kanula. Asubuhi ndugu wanaambiwa amepandwa na kichaa, na wao kimoyomoyo wanashuku mashetani. Ni kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakowapata wazee wengi walazwapo, na dawa yake ya kwanza ni uso anaoujua, miwani yake, mwanga mchana na giza usiku, kunywa dawa ya mkojo ya mwisho mapema jioni ili asiamshwe na kibofu. Ningependa kila hospitali itoe kadi moja ya ndugu mmoja kwa kila mgonjwa aliyevuka miaka 70, akae naye saa zote, kwa sharti kwamba anashiriki kumsimamisha, kuandika mkojo wake na kumpeleka kwenye mizani. Haigharimu hazina ya serikali kitu.

Ndugu huyo atatusaidia pia kwenye chakula, kwani chakula cha wodi zetu hutoka nyumbani. Mwambie mpishi, si mgonjwa. Uji ni maji na lazima uhesabiwe. Supu ya kuku inayoletwa kwa chupa ya chai kwa nia njema kabisa imejaa chumvi, na viungo vya mchuzi vya pakiti ni chumvi iliyotiwa rangi. Ng'onda na papa, wapendwao mwambao wote kutoka Mtwara hadi Lamu, hata wakirowekwa usiku kucha hawafai kwa moyo huu. Na magadi. Tunayatia kwenye maharage, kwenye mlenda, kwenye kisamvu, na hakuna anayeyaita chumvi, kwa hiyo anayeambiwa "punguza chumvi" anaendelea nayo kwa moyo safi. Magadi ni sodiamu, ileile inayoshika maji mwilini.

Tunafika kwenye siku ya kuruhusiwa, ambayo kwa mtazamo wangu ndiyo siku iliyo hatari kuliko zote baada ya ile ya kwanza. Katika THESUS-HF karibu asilimia 18 ya wagonjwa walikuwa wamefariki ndani ya siku 180. Wengi wetu tunaandika "arudi kliniki baada ya mwezi mmoja", na dawa za kudumu tunaziacha zianzishwe huko, kwa dozi ndogo, kwa tahadhari. Utafiti wa STRONG-HF wa mwaka 2022 uliipindua tahadhari hiyo. Ulihusisha wagonjwa 1,078 wa hadi miaka 85 katika nchi 14, Msumbiji ikiwa mojawapo. Kundi moja lilianzishiwa dawa za moyo kabla ya kutoka hospitali kwa takriban nusu ya dozi kamili, zikafikishwa dozi kamili ndani ya wiki mbili, huku wagonjwa wakionwa mara nne katika miezi miwili ya kwanza, kupimwa presha, mapigo, figo na potasiamu. Waliofariki au kulazwa tena kwa ajili ya moyo katika siku 180 walikuwa asilimia 15.2, dhidi ya 23.3 kwa waliofuata utaratibu wa kawaida. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu kuendelea kuwanyima kundi la pili huduma hiyo kulionekana si haki.

Linalonipa moyo ni aina ya dawa zilizotumika: za kuzuia mapigo kwenda mbio kama bisoprololi na kavediloli, za kundi la enalaprili na losatani, na spironolaktoni. Ni dawa za zamani na za bei nafuu. Kwa mzee ambaye moyo wake unasukuma vizuri ila ni mgumu, faida ya dawa hizo ni ndogo, na huko ndiko dapaglifozini na empaglifozini, zilizoanza kama dawa za kisukari, zilikoonyesha matokeo katika tafiti kubwa za 2021 na 2022, zenye washiriki wa wastani wa miaka 72. Zinapopatikana na kulipika, mzee asinyimwe kwa kigezo cha umri wake. Lakini nitachagua enalaprili inayopatikana mwaka mzima zahanati ya kijijini kwake kuliko kidonge kizuri zaidi kitakachoisha baada ya wiki mbili. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, ilimtambua mzee kuanzia miaka 60 na kuahidi matibabu kwa wasiojiweza. Dirisha la wazee lipo hospitalini. Nyuma ya dirisha dawa ikikosekana, karatasi anayopewa akanunue nje ndiyo mwisho wa tiba yake, na daktari anayeandika ruhusa anapaswa kulijua hilo kabla ya kushika kalamu.

Kwa hiyo kadi ya kutokea iwe na uzito wa siku ya mwisho, kwa namba kubwa, na maelekezo kwamba ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu aje asisubiri tarehe. Iwe na tarehe ya kuonwa ndani ya siku saba, hata na muuguzi wa zahanati mwenye mizani na mashine ya presha. Mzee aulizwe pia kuhusu safari na ibada: wazee wengi huacha kidonge cha mkojo siku ya kupanda basi kwa kuhofia haja njiani, na mwezi wa Ramadhani wapo wanaofunga bila kumwambia daktari. Wote hawa wanaweza kupangiwa saa nyingine ya kumeza, au kushauriwa kutofunga mwaka huo, ikiwa wataulizwa bila kukaripiwa.

Wapo ambao haya yote hayatawasaidia sana. Wanalazwa mara ya tatu, ya nne, kila safari na nguvu pungufu, figo zikikataa dawa. Mazungumzo nao tunayaogopa, tunawaita watoto pembeni na kuamua wenyewe, mzee akiwa hai na akili zake timamu kitandani. Aulizwe yeye. Wengi wana majibu tayari: wanataka kufia kwao, wanataka deni fulani lilipwe, wanataka wasichomwe tena sindano, au wanataka kupigania kila siku iliyobaki. Afrika Mashariki ina historia ya kujivunia katika kutuliza mateso ya mwisho. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, iliieneza mofini ya maji hadi vijijini. Huduma hiyo imejengwa juu ya saratani na UKIMWI, na mgonjwa wa moyo hupewa rufaa kwenda huko mara chache sana, ingawa kukosa pumzi kwa juma zima ni mateso sawa na maumivu yoyote. Mofini kidogo ya kunywa, kwa mtu ambaye moyo wake umefika mwisho, humpunguzia hofu ya kukabwa na kumwezesha kulala. Si ya kumchoma kila anayefika na maji mapafuni, na mwongozo wa Ulaya haushauri hivyo. Ila kwa huyu wa mwisho, inapaswa kuwa ndani ya boksi la dawa analokwenda nalo nyumbani, pamoja na namba ya simu ya muuguzi atakayepokea usiku.